STIKA YA "VR READY" SIO CHETI: JUA KAMA KOMPYUTA ITAPIGA GEMU KABLA HUJAIPOSTI

Somo la leo ni la wale mnaouza kompyuta na laptopu za mtumba kwa kuposti. Wiki hii nimetumiwa picha tatu za mashine zenye maandishi "VR Ready", na wote watatu mmeuliza kitu kimoja: "Kaka, hii naweza nikamwambia mteja inapiga gemu?"

Jibu fupi: inategemea hayo maneno kaandika nani na kaandika mwaka gani. Jibu refu ndo hili hapa. Ni refu kweli, kwa hiyo hifadhi posti uisome ukishafunga hesabu zako.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka juzi vijana wanne wa hapa Mkwaja walikuja dukani. Wawili wavuvi, mmoja bodaboda, mmoja anajifunza ufundi simu. Wamechanga hela wafungue kibanda cha gemu, maana watoto wa hapa wakitaka kucheza inabidi wasubiri mpaka waende Pangani mjini. Walitaka kompyuta moja ya nguvu, iweze GTA V na mpira, wachomeke pedi mbili, wakusanye hela kwa mechi. Wakanikabidhi laki saba na nusu mkononi. Hela za ngalawa hizo, nyingine bado zinanuka samaki.

Nikaona tangazo la duka moja la Dar. Boksi jeusi, feni zina taa za bluu, mbele stika kubwa ya VR READY. Maelezo: Core i7, RAM 16, grafiki GB 8. Bei laki sita na nusu. Nikasema hapa nimewatoa vijana, na mimi napata ya nauli. Nikalipa. Mzigo ukapanda basi mpaka Tanga, ukaja Pangani, ukavuka mto, ukamalizia na bodaboda umefungwa kwenye kipande cha godoro.

Jioni tukawasha. GTA V ilifunguka vizuri tu, ila gari likianza kukimbia picha inaruka kama mtu anafunua kurasa za daftari. Mpira ndo usiseme. Menyu inakuja, ukiingia uwanjani wachezaji wanatembea kama wako ndani ya maji. Yule kijana wa ufundi simu akaniangalia tu. Hakusema kitu, na hapo ndo niliumia zaidi.

Nilipompigia muuzaji alinijibu hivi: "Boss, mimi nimeandika VR Ready, sijaandika gemu." Vijana niliwarudishia hela yao yote kwa awamu tatu. Boksi nikaja kuliuza laki tatu na nusu kwa mtu wa steshenari. Kwa hiyo ninachowaandikia leo nimekilipia ada.

Sasa tuelewe hayo maneno yanatoka wapi.

VR ni ile miwani mikubwa unavaa usoni unaona uko ndani ya gemu. Mwaka 2016 ndo miwani ya kuchomeka kwenye kompyuta iliingia sokoni kwa kishindo: Oculus Rift mwezi Machi, HTC Vive mwezi Aprili. Watu wakawa hawajui kompyuta ipi itaweza kuibeba. Mwanzoni mwa mwaka huohuo kampuni ya NVIDIA, wale watengenezaji wa kadi za grafiki, ikaanzisha alama ya "GeForce GTX VR Ready" ili mnunuzi ajue. Kiwango ambacho Oculus walikipendekeza wakati ule kilikuwa kadi ya NVIDIA GTX 970 au AMD R9 290, prosesa Intel i5-4590, na RAM GB 8 au zaidi.

Shika hizo namba. GTX 970 ndo mstari wenyewe.

Na kwa nini walidai kadi kubwa hivyo? Piga hesabu ya kawaida. Skrini ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, na skrini nyingi zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Zidisha, unapata kama pikseli milioni 124 kila sekunde. Miwani ya Rift ilikuwa 2160 kwa 1200, mara 90 kwa sekunde. Hapo ni milioni 233, karibu mara mbili. Tena kwenye miwani picha ikikwama kidogo tu mtu anasikia kizunguzungu, anaweza akatapika. Kwenye skrini ikikwama unamsonya tu aliyekuuzia.

Kwa hiyo kama alama ni ya kweli, ya wakati ule, na kadi iliyokuja nayo bado iko ndani, hiyo mashine inacheza gemu za kawaida na chenji inabaki. Ndo maana huwa nakataa pia wale wanaosema "VR Ready ni usanii tu". Sio usanii. Usanii unaingia baadaye.

Usanii wa kwanza hata sio wa muuzaji. Oktoba 2016 Oculus wenyewe walishusha kiwango cha chini mpaka GTX 960 na prosesa i3-6100. Walipata ujanja wa programu: kompyuta inachora fremu 45, programu inabuni zile nyingine zilizobaki mpaka zifike 90. Ujanja mzuri kwenye miwani yao, lakini gemu ya kawaida kwenye skrini haipati huo msaada.

Kisha mwaka 2017 Microsoft wakaleta Windows Mixed Reality, na hapa wengi tunapigwa. Wao waliweka madaraja mawili. Daraja la juu waliliita Ultra, linataka kadi ya grafiki ya kueleweka. Daraja la chini liliruhusu hata laptopu yenye Intel HD 620, yaani grafiki ya ndani ya prosesa, haina kadi kabisa. Sasa laptopu ya ofisini ya mwaka 2017 muuzaji anaweza kukuapia kwamba inakubali VR na asiwe amedanganya! Ila mpe FC 24 uone. Na hiyo Mixed Reality yenyewe Microsoft wameshaitoa kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, kwa hiyo alama hiyo leo haikusaidii hata kwa hiyo VR.

Usanii wa mwisho ndo ulionikuta mimi: mtu ananunua stika anabandika. Stika ni karatasi. Zinauzwa kama zinavyouzwa za "Mungu Mkubwa" za kubandika kwenye bajaji.

Kuna na mkanganyiko mwingine wa mteja mwenyewe. Anakuambia "nataka kompyuta ya VR" kumbe ameona ile miwani ya kuchomeka simu ndani, jamii ya Google Cardboard ya 2014. Hiyo kompyuta haihusiki kabisa, ni simu tu. Au ana ndugu yake Oman kamletea Meta Quest 2. Hiyo ina prosesa yake humohumo, inacheza bila kompyuta. Ukitaka kuiunga na kompyuta inawezekana, ila ni hiari. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mzigo muulize: unataka miwani, au unataka gemu za skrini? Tisa kati ya kumi niliowauliza mimi walitaka gemu za skrini. VR waliisikia tu.

Haya, tufungue mashine. Usihangaike na bisibisi kwanza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, bonyeza Enter. Inakuja karatasi yenye kila kitu. Ukurasa wa kwanza unaona prosesa na RAM. Nenda ukurasa wa "Display". Kwenye laptopu zenye kadi mbili utaona "Display" na "Render", angalia zote. Hapo soma jina la kadi kwanza, kisha tafuta mstari ulioandikwa "Display Memory (VRAM)". Chini yake kuna "Shared Memory". Wizi uko hapo. Shared ni RAM ya kompyuta ambayo grafiki inaazima ikihitaji. Windows huwa inaruhusu kuazima mpaka karibu nusu ya RAM yote. Mashine yangu ya laki sita na nusu ilikuwa na RAM 16, nusu yake ni 8, ndo ile "grafiki GB 8" ya tangazo. VRAM yake halisi ilikuwa MB 128. Jina la kadi: Intel HD 530. Hakukuwa na kadi yoyote mle ndani, ni prosesa peke yake inajikamua.

Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji wa jumla, usiulize "grafiki ngapi?" Ukiuliza hivyo atakujibu 8, na hajadanganya sana. Mwambie: "Nitumie video, ufungue dxdiag ukurasa wa Display, kisha uoneshe boksi lenyewe bila kukata." Video moja, mfululizo. Picha ya skrini anaweza akakutumia ya mashine nyingine. Anayeuza mzigo safi hii ni kazi ya dakika moja kwake. Akianza "boss mtandao unasumbua", na wewe mwambie hela nayo mtandao unaisumbua.

Ukishaona jina la kadi, usikimbilie kuamini jina. Kuna kadi feki. Mafundi wa huko zinakotoka wanachukua kadi ya zamani kabisa kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wanabadilisha programu yake ya ndani, ikichomekwa inajitambulisha "GTX 1050 Ti". Hata dxdiag inadanganyika. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Haimalizi bando, tena haihitaji hata kuiinstoli. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inazitambua kadi feki nyingi za NVIDIA, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Na kwa macho, geuza boksi uangalie matundu nyuma. Kadi za GTX kuanzia familia ya 1000 hazitoi tena VGA, lile tundu la bluu la miguu 15. Mtu anakuuzia "GTX 1050 Ti" ina tundu la bluu, shuku hapohapo, usisubiri maelezo.

Nyingine ni P106-100. Hii sio feki, ni kadi ya kweli ya NVIDIA, ndugu wa GTX 1060, ila ilitengenezwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Haina tundu hata moja la kuchomeka skrini. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha icheze gemu. Wewe muuzaji wa kuposti achana nayo.

Hata hiyo GTX 1060 ziko mbili, ya GB 3 na ya GB 6. Usifikiri ni tofauti ya nafasi tu, ya GB 3 imepunguzwa hadi injini yenyewe. Meta kwenye orodha yao ya kadi za kuunga miwani ya Quest na kompyuta walikubali ya GB 6 na kuikataa ya GB 3. Jina moja, kabati moja, moja ya VR na nyingine sio. Kwa gemu za kawaida ya GB 3 bado ni mashine, ila bei zisifanane.

Na "Quadro"? Hizi mtakutana nazo sana maana mitumba mingi inayoingia ni ya maofisi ya wahandisi huko Ulaya na Marekani, HP za familia ya Z na Dell Precision. Quadro ni kadi za kuchorea ramani na majengo. Wengi wanasema Quadro haichezi gemu. Sio kweli, inacheza. Swali ni Quadro ipi. Quadro P4000 ni VR Ready ya kweli kutoka kiwandani, ina GB 8 halisi, ukiipata imekaa ndani ya Precision kwa bei ya mashine ya ofisi usilale, chukua. Lakini K600, K2000, P400, P620, hizo ni za kuchorea tu. Muuzaji anaandika "Workstation Quadro VR" bila namba. Bila namba hakuna biashara.

Kwa Dell kuna kitu kizuri: nyuma au chini kuna Service Tag, herufi na namba saba. Ingiza kwenye tovuti ya msaada ya Dell, inakuonesha mashine ilitoka kiwandani na vitu gani. Ikisema ilitoka na kadi na sasa kadi haipo, unajua mtu kashaitoa akaiuza pembeni.

Prosesa niizungumzie kidogo, maana neno i7 limewapofusha wateja. i7 ni cheo tu, inayofanya kazi ni namba inayofuata. Kwenye hizi za zamani tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndo kizazi: i7-2600 ni cha pili, i7-6700 cha sita. Kwenye laptopu angalia na herufi ya mwisho. U ni ya kubana umeme, HQ au H ndo yenye misuli. i7-7500U ina koa mbili tu. i5-8250U ina nne. Mteja anaacha i5 anachukua i7 dhaifu na anaongeza hela juu! Kwa gemu, kadi kwanza, prosesa baadaye. i5 ya kizazi cha sita yenye kadi nzuri inaiacha mbali i7 isiyo na kadi.

Sasa kipande ambacho ningekijua mapema kingeniokoa. Boksi langu la i7-6700 halikuwa takataka. Lilihitaji kadi tu. GTX 1050 Ti inatumia wati 75, na nyingi zinakula umeme huohuo wa kwenye mazabodi bila waya wa ziada. Ningetafuta moja ya mtumba nikachomeka, vijana wangekuwa wanapiga mechi mpaka leo. Mimi nililiuza kwa hasira.

Ila ukifanya hivyo pima boksi kwanza. Yale maboksi membamba ya ofisini, mfano HP EliteDesk 800 G1 SFF au Dell OptiPlex 7010 SFF, pawa saplai yake ni wati 240. Hiyo 1050 Ti inaingia, lakini lazima iwe ile fupi, na bati lake la nyuma liwe la size ya boksi. GTX 1060 inakula wati 120 na inataka waya wake wa umeme, na maboksi haya hayana huo waya. Usimuahidi mteja "utaongeza kadi baadaye" kama hujasoma wati zilizoandikwa kwenye stika ya pawa saplai. Hiyo ndo stika ya kusoma.

Tuje kwenye gemu zenyewe, kwa sababu "inapiga gemu" sio jibu. Gemu ipi?

San Andreas ni ya 2005 kwenye kompyuta, inacheza kwenye karibu kila kitu utakachokiposti. Mteja akisema anataka "GTA" muulize ipi, usimuuzie mashine ya milioni kwa ajili ya CJ. GTA V iliingia kwenye kompyuta Aprili 2015, watengenezaji walipendekeza i5-3470 na GTX 660 ya GB 2. 1050 Ti inaimudu vizuri. Inataka nafasi kubwa kwenye diski, kwa hiyo laptopu ya SSD 128 ukishaweka Windows na GTA V umemaliza, hata picha za harusi hazikai. FC 24 kiwango cha chini ni GTX 1050 Ti, i5-6600K, RAM 8, nafasi GB 100. Hicho ni cha chini. Wakipendekeza wao wanataja GTX 1660. Cyberpunk 2077 tangu walipoifanyia mabadiliko ya 2023 inaanzia GTX 1060 ya GB 6 na lazima SSD.

Halafu kuna gemu ambazo mashine iliyokuwa mfalme wa VR mwaka 2016 haizifungui kabisa. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai kadi yenye kifaa maalum cha kuchora mwanga, kinachopatikana kuanzia familia ya RTX. GTX 1080, kadi iliyobeba miwani yoyote enzi zake, hapo inagonga mwamba. Ongezea na hili: kuanzia Oktoba 2025 NVIDIA wameacha kutoa draiva mpya za gemu kwa familia za GTX 900 na 1000, zimebaki za usalama tu. Na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu. Haimaanishi mashine hizi zimekufa. GTA V itaendelea kucheza. Ila mteja anayesema "nataka gemu mpya zote miaka mitano ijayo" usimpe GTX 970 hata ikiwa na stika ya dhahabu.

Ukiweza kuishika mashine kabla ya kulipa, ipime. Programu ya Unigine Heaven ni ya bure na haifiki hata MB 300. Iache izunguke nusu saa, sio dakika tano. Kadi ikipata joto ndo tabia zinatoka. Kwetu huku pwani joto na chumvi ya bahari vinaziba feni, mashine iliyokuwa sawa kwenye duka lenye kiyoyozi inaweza kujizima Mkwaja saa nane mchana. Laptopu ipime imechomekwa chaja, maana ikiwa kwenye betri inajipunguza nguvu yenyewe. Na kama mteja kweli anataka VR, Steam wana kipimo chao cha bure cha SteamVR, hakihitaji miwani, kinakupa nyekundu, njano au kijani. Hicho ni kikubwa kwenye bando, kipakue mara moja ukiweke kwenye flashi.

Jambo moja dogo linaloharibu biashara nyingi. Mteja anapokea boksi lenye kadi nzuri, anachomeka waya wa skrini kwenye tundu la juu, la mazabodi, badala ya tundu la chini la kadi. Gemu inakuwa nzito, anakutukana kwenye stetasi. Mimi sasa hivi nabandika kipande cha karatasi kwenye matundu ya juu, nimeandika "SIO HAPA". Simu za malalamiko zimepungua sana.

Mwisho ni posti yenyewe. Acha kuandika "GAMING BEAST VR READY". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndo inasimamia. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, mteja wa mtandaoni akidanganywa mara moja anawaambia kijiji kizima. Mimi nilikuwa na bahati vijana wale walinipa muda. Posti yangu ya sasa inakaa hivi, inakili kama ilivyo ubadilishe vitu vyako:

"Boksi Dell, i5-6500, RAM 8 vipande viwili, kadi GTX 1050 Ti GB 4 halisi (picha ya GPU-Z namba 3), SSD 256, Windows 10. Nimeijaribu mwenyewe nusu saa: GTA V Full HD inateleza, FC 24 inacheza kwa grafiki za chini. San Andreas na PES za zamani bila shida. Miwani ya VR sikushauri. Gemu mpya nzito za mwaka jana na mwaka huu haiwezi. Siku 7 za kuirudisha kama haifanyi nilichoandika."

Ule mstari wa "haiwezi" utaogopa kuuandika mara ya kwanza. Mimi niliogopa. Kaka mmoja wa Kipumbwi akanipigia akaniambia amepita matangazo kumi, hili ndo la kwanza kumwambia kitu ambacho mashine haiwezi, akatuma hela siku hiyohiyo.

Wale watatu mlionitumia picha: ya kwanza ni Intel HD 620, hiyo ni laptopu ya kuandika barua, iposti hivyohivyo kwa bei ya laptopu ya kuandika barua. Ya pili ina tundu la bluu nyuma, usilipe mpaka nione GPU-Z. Ya tatu, dada wa Mwera, hiyo Precision yako ina P4000. Usiiuze kwa bei uliyoniambia.